Usiku wa kwanza wa mtoto wa mbwa

Mtoto wa mbwa huletwa nyumbani Jumamosi mchana, ndani ya katoni, na kutwa nzima hakuna mwenye raha kumshinda. Watoto wanambeba kwa zamu, mama mwenye nyumba anammiminia maziwa kwenye kifuniko cha ndoo, jirani anachungulia na kuuliza kama ni dume. Saa nne usiku taa zinazimwa, mlango unafungwa, na mgeni anaachwa peke yake bandani nyuma ya nyumba. Haipiti robo saa kilio kinaanza. Kwanza ni sauti nyembamba ya kunung'unika, kisha inapanda, kisha ni mayowe yanayosikika hadi nyumba ya nne. Mmoja anafungua dirisha na kufoka. Mwingine anasema mwacheni, atachoka mwenyewe. Asiye na subira anatoka na kandambili mkononi.

Kwetu ushauri wa "mwache alie" umezoeleka mno, na mimi naupinga. Unamtesa mnyama, na wala haumpi mwenye nyumba kile anachokitafuta, yaani mbwa mlinzi mwenye akili iliyotulia.

Tazama alikotoka. Mbwa huzaliwa haoni na hasikii. Macho hufunguka akikaribia wiki mbili, na masikio hufuata muda si mrefu. Siku hizo za mwanzo hawezi hata kujitunzia joto la mwili. Joto analipata kwa kulaliana na ndugu zake, rundo moja kwenye tumbo la mama. Hata haja ndogo haitoki vizuri mpaka mama amlambe. Kwa hiyo katika maisha yake yote mafupi hajawahi kulala peke yake, hata usiku mmoja. Sisi tunamchomoa kwenye rundo lile, tunampakia kwenye bodaboda, tunamshusha mahali ambapo kila harufu ni ngeni, halafu tunamtaka alale kwenye saruji, gizani, kimya. Kilio chake si deko. Mtoto wa mnyama aliyepoteana na mama akinyamaza hapatikani. Anayelia ndiye anayefuatwa.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. John Paul Scott na John Fuller walilea mamia ya mbwa wa aina tano katika maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine nchini Marekani, wakachapisha matokeo yao mwaka 1965. Moja ya aina hizo tano ni basenji, mbwa wa asili ya Kongo. Kazi yao ndiyo iliyoonyesha wazi kwamba kuna kipindi kifupi, kuanzia kama wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili au zaidi kidogo, ambapo mbwa anajifunza nani ni wake na dunia ikoje. Baadaye Scott alishirikiana na Jaak Panksepp, mtafiti wa hisia za wanyama, na mwaka 1978 wakaeleza kwamba dozi ndogo ya morfini ilipunguza kilio cha watoto wa mbwa waliotenganishwa na wenzao. Maana yake ni nzito. Upweke wa mtoto wa mbwa hupita katika mifumo ileile ya ubongo inayoshughulika na maumivu. Anayelia bandani hakuigizii. Kuna kitu kinamuuma.

(Na kabla mtu hajaenda kwenye kabati la dawa: usimpe mbwa dawa za maumivu za binadamu. Diklofenaki na ibuprofeni huharibu tumbo na figo zake.)

Pingamizi kubwa kuliko yote ni hili: ukimbembeleza utamlegeza, na sisi tunataka mbwa mkali. Ninaielewa hofu hiyo. Watu wengi hapa hawafugi mbwa kwa mapenzi. Wameibiwa, wanataka usingizi. Lakini mbwa aliyejazwa woga utotoni hawi mlinzi. Anakuwa mbwa anayebwekea upepo, paka, bati linalogonga na kila mpita njia, mpaka wenye nyumba wanaacha kuamka kutazama, na siku mwizi akija kweli hakuna anayejali. Mbaya zaidi, mbwa mwoga huuma, na huuma walio karibu: mtoto wa nyumbani aliyepita ghafla nyuma yake, dada wa kazi aliyeinama kuokota bakuli, msoma mita. Mlinzi wa kweli anapambanua. Anamjua wa kwake na mgeni, kwa sababu kuna watu aliowaamini tangu akiwa na wiki nane. Mbwa wa polisi hawafundishwi kwa kufungiwa gizani walie. Hufanya kazi bega kwa bega na askari wanayemwamini.

Basi afanyiwe nini? Vitabu vya Ulaya na Marekani vina jibu la haraka: weka kizimba chake kando ya kitanda chako. Kwa nyumba nyingi za kwetu jibu hilo linaishia mlangoni, maana mbwa haingii ndani. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi pwani, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kufuga mbwa wa ulinzi kunaruhusiwa, kumlaza chumbani ni habari nyingine. Wala si Waislamu peke yao wanaoona mahali pa mbwa ni nje. Sioni haja ya kubishana na hilo. Mtoto wa mbwa hahitaji kitanda chako, anahitaji kujua kwamba kuna mtu. Muweke kibarazani, chini ya dirisha la chumba chako au kwenye mlango wa jikoni, mahali atakaposikia ukikohoa, ukiongea, ukigeuka kitandani. Akilia, ongea naye kwa sauti ya chini kupitia dirishani. Usiku mbili tatu za mwanzo ukiweza toa godoro ulale hapo kibarazani, umfikie kwa mkono.

Nyumba zenye mlinzi wa usiku zina bahati ambayo wazungu wa vitabuni hawana: mtu aliye macho hadi alfajiri. Njiro, Arusha, nimemtazama mlinzi mmoja mzee akifanya kazi hiyo bila kufundishwa na mtu. Katoni ilikuwa katikati ya miguu yake, chini ya kiti cha plastiki, na ndani ametandika kabuti lake kuukuu. Redio inaongea taratibu. Kila kilio kilipoanza alishusha mkono tu, bila kuinama wala kuacha kutazama geti. Yule mdogo ananusa vidole, anavilamba, anazunguka mahali pamoja, kisha anajiviringisha pua ikiwa kwenye kiganja. Hakumnyanyua. Hakumpa chakula. Mwenye nyumba anayemkataza mlinzi "kumzoea mbwa" anajinyima mwalimu bora aliye naye. Tena huyo mlinzi ndiye atakayefanya kazi na mbwa huyo miaka ijayo.

Kuhusu katoni yenyewe: iwe na kuta za kumzuia kutoka, na nafasi ya kutosha kulala na kujigeuza, basi. Banda pana lenye giza linamtisha. Kitu chenye thamani kuliko vyote humo ni kitambaa chenye harufu ya mama yake. Mpelekee muuzaji kipande cha blanketi siku moja au mbili kabla, akitandike pale wanapolala wote, halafu uje nacho. Usikifue. Saruji hunyonya joto, kwa hiyo weka mbao chini ya katoni na gunia juu yake. Njombe, Mufindi, Arusha au Limuru, mwezi wa sita na wa saba, baridi peke yake inatosha kumliza. Jaza chupa maji ya moto, ifunge vizuri, izungushie kitambaa kizito, uilaze upande mmoja ili akiona joto limezidi asogee. Dar es Salaam na Mombasa tatizo ni kinyume chake: banda la bati lililopigwa jua kutwa bado lina fukuto saa tano usiku. Huko tafuta upepo na maji ya kunywa.

Na kama mtoto aliyekwisha kutulia akapiga yowe la ghafla usiku wa manane, toka na tochi kabla ya kutoka na hasira. Msimu wa mvua siafu hupita popote, na mtoto aliyefungwa au asiyeweza kuruka katoni hana pa kukimbilia. Watu wa nyanda za juu humwagia majivu pande zote za mahali anapolala mnyama. Fanya hivyo, lakini usiyategemee majivu peke yake.

Kuna kilio kingine ambacho si cha upweke hata kidogo: anataka kujisaidia. Akiwa na miezi miwili hawezi kubana mkojo usiku kucha, na mbwa kwa asili hapendi kuchafua anapolala. Chakula cha mwisho kiwe saa mbili au tatu kabla ya kulala, na kabla taa hazijazimwa mtoe mpaka amalize haja. Usiku mtoe tena mara moja au mbili, palepale pa siku zote. Usiwashe taa zote, usicheze naye, usiongee sana. Akimaliza mpongeze kidogo, mrudishe. Ukigeuza safari hiyo kuwa mchezo, kesho atakuamsha akidai mchezo.

Mchana pia unahusika. Mtoto wa mbwa hulala saa kumi na nane na zaidi kwa siku, na sisi tuna desturi ya kumfungia bandani mchana na kumfungulia usiku. Kwa mbwa mkubwa wa ulinzi inaeleweka. Kwa mtoto ni kumfundisha kukesha. Jioni mchoshe: acha watoto wakimbie naye uani. Mchana mlishe ndani ya banda, umwache humo dakika chache mlango ukiwa wazi, kisha umefungwa, ukirudi kabla hajaanza kulia, ili banda liwe mahali pa mema. Usiku, kila anapotulia vizuri, sogeza katoni hatua chache kuelekea bandani. Wengi hufika baada ya wiki moja au mbili. Akilia upya umeharakisha; rudi nyuma kidogo.

Yote haya ni rahisi zaidi kama hukumchukua mapema. Wauzaji wa kando ya barabara hukuuzia mtoto wa wiki tano na kuapa ana miezi miwili. Sababu ni kwamba huyo mdogo anavutia zaidi na kumlisha kunagharimu muuzaji. Ukiweza, nenda nyumbani alikozaliwa, umwone mama, na umwache huko hadi wiki nane zitimie. Wiki hizo za mwisho na ndugu zake ndizo zinazomfundisha kuuma bila kuumiza.

Usichukulie kila kilio kuwa ni cha upweke. Tumbo lililotuna kwenye mwili uliokonda ni dalili ya minyoo; dawa hutolewa kila baada ya wiki mbili mpaka afikishe miezi mitatu. Akitapika, akiharisha damu na kukataa chakula, usingoje asubuhi ya pili, mpeleke kwa daktari wa mifugo, kwani ugonjwa wa virusi vya parvo huua kwa siku chache. Chanjo ya kichaa cha mbwa apate akiwa na miezi mitatu, na hata kabla ya hapo akimng'ata au kumkwaruza mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha muone daktari hospitalini.

Limebaki la majirani. Wapo wanaoamini kwamba mbwa akilia usiku ni uchuro, kuna atakayekufa, na imani hiyo imewaponza mbwa wengi kwa mawe na kwa sumu. Huwezi kumbishia mtu imani yake saa nane za usiku. Nenda mapema, jioni ileile ya kwanza, kabla hawajasikia chochote. Mwambie jirani kwamba huyo ni mtoto wa mbwa wa wiki nane, ametoka kwa mama yake leo, kwamba utakaa naye kibarazani mpaka azoee, na kwamba kelele zikizidi akupigie simu saa yoyote.