Kabla Hajang'ata

"Mama, huyu mwanao ananishinda." Mwalimu wa darasa la awali huyasema hayo mlangoni, mchana, watoto wanapochukuliwa. Mtoto ameng'ata mwenzake, amemwaga uji, kisha akagaagaa chini akipiga kelele. Mama naye, kwa aibu, hujibu, "Hata nyumbani anatusumbua, Mwalimu. Mchape tu." Kesho yake mtoto anarudi darasani na jina jipya: mtukutu. Jina hilo linanisikitisha kuliko meno yake, kwa sababu likishatajwa hakuna anayetafuta tena chanzo.

Tuchukue Bonga, kata ya mji wa Babati iliyo kando ya barabara iendayo Kondoa na Dodoma. Kiutawala ni mji, lakini familia nyingi zinategemea shamba: mahindi, mbaazi, alizeti. Msimu wa kulima wazazi huondoka alfajiri, na mtoto wa miaka minne huamshwa na dada yake, akanawishwa uso, akaenda shule na tumbo tupu. Ikifika saa nne, njaa imeshamfika pabaya. Mtu mzima mwenye njaa hununa. Mtoto wa umri huo hununa kwa mikono na meno, maana sehemu ya mbele ya ubongo, inayomsaidia binadamu kujizuia, bado ni changa sana na itaendelea kukomaa hadi ukubwani.

Lakini chanzo ninachoona kinasahaulika zaidi huku kwetu ni lugha. Babati ni nyumbani kwa Wagorowa na Wairaqw, na lugha zao ni za Kikushi. Hazina undugu na Kiswahili, tofauti na Kirangi, ambacho ni lugha ya Kibantu kama Kiswahili. Mtoto aliyelelewa na bibi kwa Kigorowa anaingia darasa ambalo kila agizo ni geni kwake. Anaambiwa "kaa chini" wenzake wakakaa, yeye akabaki amesimama. Anaitwa jeuri. Anataka kwenda chooni, hana neno la kuomba, anakimbia nje. Anaitwa mtoro. Mwenzake anamnyang'anya kopo la kuchezea, hana neno la kulidai, anang'ata. Kila kosa hapo ni sentensi iliyokosa maneno. Mwalimu akijifunza hata maneno kumi ya lugha ya nyumbani, kama vile maji, choo, njoo, basi, inauma, atashangaa jinsi mikono ya mtoto inavyotulia.

Mwili nao una siri zake. Mafua yasiyokwisha huweza kuacha majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Mtoto halii kwa maumivu, ila hasikii vizuri, na mwalimu anadhani anapuuza. Ile minyoo midogo myeupe kama vipande vya uzi hutoka usiku kutaga mayai kwenye njia ya haja kubwa. Mtoto anajikuna usiku kucha, anaamka na usingizi machoni na hasira kifuani. Upungufu wa damu humchosha na kumfanya awe mwepesi wa kulia. Hayo yote huanza kutazamwa zahanati.

Kuna jambo jingine ambalo sisi watu wazima tunalifanya bila kujua. Mtoto asiyependa kuandika anatupa kalamu. Mwalimu anamtoa nje. Nje kuna kivuli na mchanga. Amepata alichokitaka, na kesho atatupa tena.

Fimbo je? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inasema hakuna adhabu inayohalalika ikiwa mtoto, kwa udogo wa umri wake, hawezi kuelewa lengo la adhabu hiyo. Mtoto wa awali aliyechapwa anajifunza kwamba mkubwa akikasirika hupiga. Atakwenda kumfanyia hivyo aliye mdogo kuliko yeye.

Ninachowaomba walimu ni daftari moja la kurasa chache. Kwa wiki mbili, kila mtoto anapong'ata au kutupa, andika saa, kilichotangulia, alichofanya, na kilichofuata. Najua darasa lenye watoto wengi halitoi nafasi ya kuandika sana; mistari mitatu inatosha. Kama vituko vyote vinakusanyika kabla ya uji, uji usogezwe mbele, au yeye apewe kidogo mapema. Kama vinatokea kila mara watoto wanapobadilisha kazi, mwambie mapema kinachokuja, umwoneshe kwa mkono. Kama hageuki hata anapoitwa kutoka nyuma, apelekwe kupimwa masikio. Vivyo hivyo kwa mtoto wa miaka minne asiyeunganisha maneno hata katika lugha ya nyumbani, au aliyekuwa akisema na sasa ameacha: huyo amwone mtaalamu wa afya bila kungoja.

Kisha mwite mama yake tena pale mlangoni, na safari hii anza kwa swali: jana usiku alilala vipi?