Kuunda Tamthilia Mpya kwa Tamasha la Pembezoni: Funzo la Lubumbashi kwa Wasanii wa Vuhovi

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa tamthilia ya Kiswahili katika vyuo vyetu huanza na kitabu. Huchambua fani na maudhui, wahusika na migogoro, kana kwamba mchezo ulizaliwa ukiwa umekwisha kuchapwa. Ni nadra kuulizwa mchezo huo ulipitia mikono mingapi kabla ya kufika kwa mchapaji, ni maneno gani yaliyoachwa katika mazoezi, na ni nani aliyeamua yaachwe. Makala haya yana madhumuni ya kueleza hatua hizo za mwanzo, kwa kuangalia namna kikundi kidogo kinavyoweza kuunda mchezo mpya na kuupeleka katika tamasha la pembezoni.

Mahali tutakapopachukua kuwa mfano ni Vuhovi, makao ya usultani wa Bashu, wilayani Beni, si mbali na mji wa Butembo katika mkoa wa Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tumepachagua kwa sababu wakazi wake wamepitia mambo mazito katika miaka ya karibuni, na sehemu kubwa ya yaliyoandikwa kuyahusu imo katika ripoti za wageni. Hoja yetu kuu ni kwamba mchezo wa aina hii hauna budi kubaki wazi hadi utakapokutana na hadhira yake ya kwanza, na kwamba mswada kamili huja mwisho. Anayeufunga mapema, awe mfadhili kwa ujumbe wake au mwandishi kwa karatasi yake, huuondolea sababu ya kuwapo.

2. Dhana ya tamasha la pembezoni

Mwaka 1947, mji wa Edinburgh huko Uskoti ulianzisha tamasha kubwa la kimataifa la sanaa. Vikundi vinane vya maigizo vilifika bila kualikwa, vikajitafutia kumbi na kuonyesha michezo yao kandokando ya tamasha rasmi. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa tamasha la pembezoni. Huko Avignon, Ufaransa, André Benedetto na kikundi chake walifanya jambo linalokaribiana na hilo mwaka 1966, walipoonyesha mchezo wao nje ya ratiba ya tamasha rasmi la mji huo.

Utaratibu uliokua kutokana na matukio hayo una masharti yanayofahamika. Katika tamasha la Edinburgh hakuna kamati inayochagua michezo kwa ubora wake. Kila kikundi hubeba gharama na hasara zake chenyewe. Ukumbi mmoja hupokea vikundi kadhaa kwa siku, kwa hiyo mchezo mara nyingi huchukua kiasi cha saa moja, na mapambo ya jukwaa huwekwa na kuondolewa kwa dakika chache. Masharti haya humbana msanii mwenye fedha aliyezoea jukwaa kubwa. Kwa kikundi kilichozoea kuigiza uwanjani, bila pazia wala taa, ni hali ya kawaida.

Katika Afrika ya Mashariki, tamasha linalokaribiana na mahitaji ya kazi mpya ni Tamasha la Kimataifa la Maigizo la Kampala, lililoanza mwaka 2014. Tamasha hilo huchagua kazi zake, kwa hiyo si la pembezoni kwa maana halisi, lakini limetoa nafasi kwa michezo ambayo bado inaundwa kusomwa mbele ya watu. Kwa mtu wa Vuhovi, Uganda haiko mbali: barabara ya Beni huteremka hadi mpakani Kasindi.

3. Mfano wa Lubumbashi, 1986

Kabla ya kutazama ng'ambo, inafaa tukumbuke kwamba Kongo yenyewe ina mfano ulioandikwa kwa kina wa namna mchezo wa Kiswahili unavyoundwa. Mwezi Juni 1986, huko Lubumbashi, mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliambiwa msemo mezani, kuhusu firigisi ya kuku: kwa Kifaransa, le pouvoir se mange entier, yaani madaraka huliwa mazima. Hakuuelewa vyema, akaenda kuwauliza marafiki zake wa kikundi cha maigizo cha Mufwankolo, kilichojulikana sana katika redio na televisheni ya Shaba. Waigizaji hawakumpa jibu la sentensi moja. Waliujadili msemo huo, wakaulinganisha na semi za lugha zao mbalimbali, wakatofautiana, kisha wakaamua kuutungia mchezo.

Jambo la kuzingatia ni namna walivyofanya kazi. Hawakuandika mazungumzo ya wahusika. Walikubaliana juu ya mpango wa maonyesho yanayofuatana, kila onyesho na hali yake, kisha kila mwigizaji akabuni maneno yake papo kwa papo katika mazoezi. Baada ya jaribio walizungumza: hapa chifu amekubali upesi mno, pale mgogoro haujaonekana. Mchezo ulioneshwa kijijini Kawama, nje ya Lubumbashi, ukarekodiwa kwa ajili ya televisheni. Maandishi ya Kiswahili yalikuja baadaye, Fabian alipozinakili rekodi za mazungumzo, mazoezi na mchezo wenyewe na kuzichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1990.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, kiini cha mchezo kilikuwa swali ambalo waigizaji wenyewe hawakukubaliana jibu lake. Je, madaraka yakigawanywa, yanabaki kuwa madaraka? Katika Zaire ya wakati ule, swali hilo halikuwa la mzaha. Pili, kutokuwapo kwa mswada hakukuwa na maana ya kukosa nidhamu. Nidhamu ilikuwa katika mpango wa maonyesho na katika majadiliano yaliyofuata kila jaribio.

Mfano mwingine unaothibitisha jambo hili unatoka Kenya. Huko Kamĩrĩĩthũ, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walileta mswada wa mwanzo wa Ngaahika Ndeenda, lakini wanakijiji waliuhakiki, wakasahihisha lugha yake na kuongeza habari za maisha yao viwandani na mashambani. Mazoezi yalifanywa hadharani. Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977, na mwezi Novemba mwaka huohuo serikali ikaupiga marufuku. Uwazi uliouimarisha mchezo ndio pia ulioifanya serikali iuogope. Hatupaswi kulificha jambo hili kwa vijana tunaowahimiza kuunda michezo.

4. Hatua za kuunda mchezo

Tuchukue mfano wa kubuni. Waigizaji sita wa Vuhovi wanataka kuunda mchezo kuhusu mlipuko wa Ebola. Mlipuko huo ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika rasmi tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 3,470 kuhesabiwa kuwa wagonjwa na 2,287 kufariki. Vuhovi ilikuwa miongoni mwa kanda za afya zilizoguswa.

4.1 Kutafuta swali

Wakati wa mlipuko, sanaa ilitakiwa kufikisha ujumbe: nawa mikono, toa taarifa, kubali mazishi salama. Ujumbe huo ulikuwa wa lazima na huenda uliokoa maisha. Hata hivyo, mchezo wa ujumbe una mwisho unaojulikana kabla haujaanza. Mhusika mbishi hupatwa na msiba, na mhusika mtiifu hupona. Hadhira huutambua mwisho huo mapema, ikapiga makofi kwa adabu na kwenda zake.

Kikundi chetu kianze na lile ambalo bado linawagawa watu. Je, maiti ni ya nani, ya ukoo uliomlea marehemu au ya wale wanaozuia maradhi yasienee? Waigizaji wakiulizana swali hili, wakajikuta pande mbili, basi wamepata kiini cha mchezo. Wakikubaliana wote mara moja, watafute swali jingine.

4.2 Kusikiliza

Hatua ya pili ni kuwasikiliza watu: wauguzi, wachimba makaburi, wajane, wahubiri, vijana walioajiriwa na timu za kupambana na maradhi na wale waliokosa ajira hizo. Habari za fedha zitajitokeza, kwa kuwa malipo ya kazi hizo yalizua manung'uniko mengi katika eneo zima la Butembo na Beni, na mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa.

Hapa pana wajibu wa kimaadili. Vuhovi ni mahali ambapo watu wanafahamiana. Msiba wa jirani usipandishwe jukwaani kwa namna ambayo kila mtu atamtambua. Njia ya kawaida ni kuunganisha habari za watu kadhaa katika mhusika mmoja, kubadili umri na ukoo wake, na kuwaonyesha wale waliosimulia kabla ya watu wengine wote. Mtu akiomba habari yake iondolewe, iondolewe bila mjadala.

4.3 Mpango wa maonyesho na ubunifu

Tuseme kikundi kimefikia mpango huu. Kijana ameajiriwa katika timu ya mazishi na sasa analisha nyumba nzima. Mjomba wake anafariki. Timu inayoitwa kumzika ni ile ya kijana huyo. Mama yake anasimama mlangoni. Mpango huu unaweza kuandikwa kwa sentensi nne, na hauamui nani atashinda. Waigizaji wauigize mara nyingi, wakibadilishana nafasi: leo anayemwakilisha mama awe kesho ndiye mwana. Mwigizaji aliyelazimika kuitetea pande zote mbili hawezi tena kumfanya mmoja wao kuwa mjinga.

Mazoezi yarekodiwe, hata kwa simu ya mkononi. Baada ya kila jaribio, mtu mmoja aandike maneno yaliyowagusa wenzake. Siyo yote, yale tu yanayostahili kurudiwa. Kwa njia hiyo mswada hukua polepole kutoka kinywani.

4.4 Kupunguza

Tamasha la pembezoni hudai ufupi. Mpango ukizidi saa moja, kikundi kijiulize ni onyesho gani likiondolewa hadhira haitauliza kitu. Vifaa navyo viwe vile vinavyoweza kubebwa kwa pikipiki: kitenge kimoja, jozi ya mipira ya mikono, kiti cha mjomba kisichokaliwa na mtu. Mwigizaji mmoja aweze kuchukua nafasi ya mwenzake, kwa kuwa katika eneo ambalo safari hutegemea usalama wa barabara si wote watakaofika.

4.5 Hadhira ya kwanza

Mchezo uonyeshwe nyumbani kabla ya kusafiri, na mjadala ufuate. Swali la kuwauliza watazamaji lisiwe kama wamefurahi, kwani adabu itawafanya wajibu ndiyo. Waulizwe: ni wapi mliona uongo? Jibu la swali hilo ndilo litakalorekebisha mchezo. Ni katika hatua hii pia kikundi kitakapopima hatari. Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi mwezi Mei 2021, na tangu 2014 wilaya ya Beni imepatwa na mauaji ya raia mara kwa mara. Idhini ya mkusanyiko, saa ya kuanza na saa ya watu kurudi makwao ni sehemu ya kazi ya mwongozaji sawasawa na mpangilio wa jukwaa.

5. Suala la lugha

Vuhovi huzungumza Kinande nyumbani, Kiswahili pamoja na Kinande sokoni, Kifaransa shuleni, na husikia Kilingala kwa wanajeshi. Mchezo utumie lugha ipi? Kiswahili kina faida ya kueleweka kuanzia Butembo hadi Kampala na Dar es Salaam. Lakini Kiswahili kipi? Mama wa Vuhovi hasemi "watu wanakuja". Husema "batu banakuya". Hasemi "mtoto ni mgonjwa". Husema "mutoto iko mugonjwa". Kumvalisha Kiswahili sanifu ni kumfanya azungumze kama taarifa ya habari mbele ya maiti ya kaka yake.

Tunapendekeza lugha igawanywe kama ilivyogawanyika maishani. Wanafamilia waseme Kiswahili cha Kongo na Kinande, daktari aseme Kifaransa, na Kiswahili sanifu kiwe cha tangazo la redio. Hapo tofauti za lugha zitakuwa sehemu ya mgogoro wenyewe. Mtazamaji wa Kampala atakosa maneno machache, lakini atajua ni nani asiyeeleweka na nani, na hilo ndilo analohitaji kujua. Kwa wanaisimu, mswada wa namna hii utakuwa pia kumbukumbu ya lahaja ambayo mara nyingi hutajwa katika vitabu kwa kusahihishwa tu.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba mchezo mpya unaweza kuanza na msemo au swali, ukakuzwa kwa mazoezi, ukasahihishwa na hadhira, na hatimaye ukaandikwa. Vyuo vikuu, hasa vile vya Butembo vilivyo karibu na Vuhovi, vina nafasi katika kazi hii, ingawa si nafasi ya kuandika mchezo kwa niaba ya wengine. Mwanafunzi anaweza kurekodi mazoezi, kunakili maneno kama yalivyotamkwa na kuhifadhi nakala mahali salama. Kikundi cha Mufwankolo kilipata msikilizaji aliyeitunza kazi yake, na ndiyo maana tunaweza kuijadili leo. Vikundi vingi havikumpata, na waigizaji wake walipotawanyika michezo nayo ikatoweka. Kama yatakayosemwa Vuhovi kuhusu miaka ile ya Ebola yatahifadhiwa kwa sauti ya wenyewe au yatabaki katika ripoti tu, ni jambo linalotegemea kwa kiasi fulani kama atapatikana mtu wa kukaa pembeni ya mazoezi na kuandika.