FIDIA KWA MFANYAKAZI ANAYEUMIA KAZINI TANZANIA BARA

Wananchi wengi wa Unguja na Pemba wanafanya kazi Tanzania Bara: bandarini, viwandani, mahotelini na kwenye ujenzi. Baadhi yao hudhani kwamba mtu akiumia kazini huko, fidia ni hisani ya tajiri, na kwamba aliyetoka Visiwani hana pa kushika. Dhana hiyo si sahihi, na makala haya yanakusudia kuiondoa.

Kwanza ifahamike kuwa kila upande wa Muungano una sheria yake ya kazi. Zanzibar ilitunga sheria ya fidia kwa wafanyakazi mwaka 1986 na kuirekebisha mwaka 2005. Bara inafuata sheria ya mwaka 2008, ambayo ndiyo iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kinachoangaliwa ni mahali ilipo ajira, siyo mahali alipozaliwa mtu.

Kabla ya Mfuko huo, mzigo wa fidia ulikuwa juu ya mwajiri mmoja mmoja. Akifilisika, majeruhi alibaki na karatasi za hospitali mkononi. Tangu Julai 2015 waajiri wote wa Bara huchangia kwa pamoja. Sekta binafsi ilianza kwa asilimia 1 ya mishahara, na mwaka 2022 kiwango hicho kiliteremshwa hadi asilimia 0.5, sawa na sekta ya umma. Mchango huu ni wa mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti.

Sheria inamhusu mwajiriwa wa kudumu, wa muda na kibarua katika shughuli za mwajiri, hata kama mapatano yalikuwa ya mdomo. Wala majeruhi halazimiki kuthibitisha kuwa mwajiri alifanya uzembe. Inatosha kuwa ajali au maradhi yametokana na kazi.

Mfuko hugharamia matibabu na utengamao. Aidha, fundi muashi anayelipwa shilingi 400,000 kwa mwezi, akivunjika mguu na kushindwa kufanya kazi kwa muda, hupata asilimia 70 ya mshahara wake, yaani shilingi 280,000 kwa mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Akibaki na ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30, hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo, hupewa pensheni ya kila mwezi. Akifariki dunia, upo msaada wa mazishi na pensheni kwa wategemezi wake.

Haki hii, hata hivyo, haiji wenyewe. Mwajiri anatakiwa kuuarifu Mfuko ndani ya siku 7 tangu apate habari za ajali, na taarifa isipofikishwa ndani ya miezi 12, haki inaweza kupotea. Hapa ndipo penye hatari kwa watu wetu. Kawaida yetu mtu akiumia ni kumpandisha boti na kumrejesha nyumbani auguzwe na jamaa zake. Huruma hiyo ni njema, lakini siku zinahesabika, na mashahidi pamoja na karatasi vimebaki ng'ambo ya bahari.

Kwa hiyo, kabla majeruhi hajasafirishwa, jamaa zake wahakikishe kuwa ajali imeandikwa kazini, majina ya walioshuhudia yamechukuliwa, na nakala za karatasi za matibabu na za mshahara zimehifadhiwa. Mwajiri akinyamaza, majeruhi mwenyewe au jamaa zake wanaweza kuupelekea Mfuko taarifa. Wategemezi wa marehemu watahitaji cheti cha kifo, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Wanaofanya kazi hapa Zanzibar waulizie haki zao Kamisheni ya Kazi. Masheha wanaombwa kuwafafanulia maelezo haya wananchi wa shehia zao, hasa familia zenye vijana walio Bara. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na fidia ya majeruhi nayo ni mali ya watoto wake.