Hisa za Deliveroo: Gharama Isiyoonekana Vitabuni

Machi 31, 2021, kampuni ya Deliveroo ya Uingereza, ambayo kazi yake ni kupeleka vyakula vya mikahawa majumbani, ilianza kuuza hisa katika soko la London kwa peni 390 kila moja. Soko lilipofungwa jioni, bei ilikuwa peni 287, upungufu wa asilimia 26. Wateja wa kawaida walionunua hisa kupitia kampuni hawakuruhusiwa kuziuza hadi Aprili 7, na siku hiyo baadhi ya wapelekaji waligoma wakidai malipo bora.

Sababu hazikuwa moja. Bei ilionekana kubwa, na kila hisa ya mwanzilishi, Will Shu, ilipewa kura 20. Lakini wawekezaji wakubwa kama Aviva walikataa kununua, wakitaja pia hali ya wapelekaji.

Biashara hii inategemea mtu asiyeajiriwa. Mpelekaji huja na chombo chake mwenyewe, hujilipia matengenezo, na hulipwa kwa safari. Anayempangia kazi ni programu ya simu, si msimamizi. Malipo yakipungua, huizima na kufungua ya kampuni nyingine, kama afanyavyo mwendesha bodaboda wa Nairobi. Mvua ikinyesha jioni ya Ijumaa, oda huongezeka. Wapelekaji wasipojitokeza, chakula huchelewa, na mteja na mkahawa huhama pamoja.

Shu alianzisha kampuni mwaka 2013, na mwanzoni alipeleka chakula yeye mwenyewe. Hata hivyo, kiongozi wa maelfu ya watu hawezi kumjua kila mmoja; uongozi wake huonekana katika kanuni za malipo. Kabla ya kuuza hisa, kampuni ilitenga pauni milioni 16 kuwashukuru wapelekaji wa muda mrefu. Mkono mtupu haulambwi, lakini zawadi ya mara moja haikujibu malalamiko ya malipo ya kila siku. Mei 2022 ndipo ilipotia saini mkataba na chama cha wafanyakazi cha GMB, uliohakikisha kima cha chini cha malipo wakati mpelekaji ana oda mkononi.

Novemba 2023, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba wapelekaji hao si waajiriwa. Ushindi wa mahakamani haukurudisha bei. Mwaka 2025 DoorDash ya Marekani iliinunua kampuni kwa peni 180 kila hisa. Aliyenunua kwa 390 na kusubiri hadi mwisho alipoteza zaidi ya nusu ya fedha zake.

Mwekezaji mdogo anayepima hisa za biashara kama hii aulize mambo matatu kabla ya kutazama faida: mpelekaji analipwaje anaposubiri oda, nani humsikiliza akifungiwa akaunti, na wangapi huacha kazi kila mwaka. Kampuni isiyo na majibu ina deni ambalo halijaandikwa.