Sarafu 83 kwa Siku

Mwenye baa wa Mlandizi akitaka kuuza bia, anakwenda halmashauri ya wilaya ya Kibaha, ambayo makao yake yako hapo hapo mjini. Leseni ya vileo inatolewa huko kwa sheria ya mwaka 1968, na leseni ya biashara ndogo kwa sheria ya mwaka 1972. Akitaka kuweka kando ya kaunta mashine ya sloti, ile ambayo vijana wanaiita dubwi na wengine bonanza, mambo yanabadilika. Ofisa biashara hana mamlaka ya kuiruhusu. Ruhusa ni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na iliyo chini ya Wizara ya Fedha.

Ndivyo ilivyo Kibaha mjini, Kisarawe na kila wilaya ya Tanzania Bara.

Mpangilio huo una sababu yake. Ndani ya dubwi hamna magurudumu yanayozungushwa na bahati, bali programu inayochagua namba upya kila sarafu inapoingia. Wachezaji wengi wanaamini mashine iliyomeza fedha tangu asubuhi imeshiba na jioni lazima iteme. Haiko hivyo: mashine ya kawaida ya aina hii haikumbuki sarafu iliyotangulia. Inachojua ni kiwango cha marejesho kilichowekwa na mtengenezaji, na kukihakiki kunahitaji fundi mwenye vifaa. Halmashauri ya vijijini ingempata wapi?

Tuseme mashine imewekewa marejesho ya asilimia 80. Kijana aingie na Sh10,000 na kila anachorudishiwa akicheze tena: kwa wastani mzunguko wa kwanza utamwachia Sh8,000, wa pili Sh6,400, na baada ya mzunguko wa tano atakuwa na kama Sh3,280. Siku moja moja atatoka na kitita, na hicho ndicho kitakachosimuliwa kijiweni mwezi mzima.

Sasa hesabu ya upande wa pili, ambayo huzungumzwa kidogo. Kodi ya mashine za sloti imekuwa ikitozwa kwa kichwa: Sh100,000 kwa kila mashine kwa mwezi, inayokusanywa na TRA. Kwa mashine yetu ya asilimia 80, mwenye nayo hubakiwa na senti 20 kwa kila shilingi iliyochezwa. Ili apate hiyo kodi tu, kabla ya umeme, fungu la mwenye baa na mshahara wa anayezunguka kukusanya fedha, mashine lazima ichezwe kwa Sh500,000 kwa mwezi. Kwa sarafu za Sh200 hizo ni sarafu 2,500, au 83 kila siku, mvua inyeshe jua liwake.

Stendi ya Mlandizi inaweza kuzifikisha kabla ya saa sita mchana. Barabara ya Morogoro haikauki abiria, na bandari kavu ya Kwala pamoja na reli ya kisasa vimeongeza madereva, vibarua na wapita njia wenye chenji mfukoni. Kijijini ndani ya Kisarawe, ambako fedha huonekana msimu wa korosho, sarafu 83 ni nyingi mno. Mwenye mashine wa huko ana njia tatu: aiondoe, awakamue zaidi watu walewale wachache, au aifiche isijulikane. Njia ya tatu ndiyo rahisi, kwa kuwa anayeishi jirani na mashine hiyo, mtendaji wa kata, siye aliyetoa leseni, na kodi yake haiingii kwenye mfuko wa halmashauri. Kinachomfikia yeye ni malalamiko: ada ya shule imechezwa, mtoto wa darasa la saba kaonekana akibonyeza, ingawa sheria inataka mchezaji awe na miaka 18.

Kenya ilijaribu kugawa madaraka. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti sehemu ya udhibiti wa kamari, lakini mwaka 2018 bado ilikuwa serikali kuu iliyoongoza msako wa mashine haramu, nyingi zikachomwa moto hadharani. Uingereza, kwa sheria ya 2005, leseni za kumbi za mashine hutolewa na halmashauri za miji. Hata hivyo sheria hiyo hiyo inazikataza kuuliza kama mji unazihitaji kumbi zaidi, hivyo halmashauri ina muhuri lakini haina neno la mwisho.

Afrika Kusini ndiyo yenye somo la karibu zaidi kwa baa ya Mlandizi. Mashine za malipo madogo huko, zenye dau lisilozidi randi 5 na ushindi usiozidi randi 500, zimeunganishwa na mtambo mmoja wa taifa unaosoma kila dau. Mashine ikijulikana imechezwa kiasi gani, inaweza kutozwa kwa asilimia ya mapato badala ya kwa kichwa, na si vigumu kukata fungu la halmashauri inakosimama. Tanzania tayari inazitoza kasino kwa asilimia, 18 ya mapato baada ya kulipa washindi. Kilichobaki ni gharama ya kuliunganisha dubwi la baa na mtambo kama huo, na nani ailipe.