Kuandika jina la biashara kwenye kioo kwa rangi ya kupuliza

Leo tuongee na wenye makabati ya vioo, liwe la chipsi, la maandazi au la chaja na vocha, pamoja na wale wa saluni zenye mlango wa kioo.

Hapa Miono makabati ya chipsi yanafanana mno. Fremu ya aluminiamu, taa ndani, kachumbari pembeni. Mgeni anatoka Mandera anaelekea Saadani, yuko kwenye bodaboda, ana njaa, na ana sekunde chache tu za kuamua asimame kwa nani. Jina likisomeka toka mbali, umeshamkamata nusu.

Kopo moja la rangi ya kupuliza linatosha kabati zima na linabaki. Lakini wengi wakijaribu, herufi zinaota ndevu, rangi inachuruzika, halafu lawama zote kwa rangi. Mara nyingi rangi haina kosa. Kazi iko kwenye usafi wa kioo na kwenye ile stika unayozibia.

Kwanza ukubwa. Mafundi mabango wana hesabu yao: kila mita 3 za umbali, herufi iwe na urefu wa kama sentimita 2.5. Kwa hiyo mtu akusome akiwa mita 15, herufi ziende sentimita 12 hivi. Sasa pima kioo chako uone yanaenea maneno mangapi. Utagundua "Karibuni wateja wetu wote kwa chipsi mayai na kuku" haliingii. Weka jina na CHIPSI, basi. Herufi ziwe nene na za kawaida, achana na za mikato.

Siku ya kazi toa chakula chote kwenye kabati, lisogeze mbali na jiko la mkaa. Hili sio la utani, gesi ya kwenye kopo inashika moto. Fanyia kazi nje penye hewa, asubuhi kabla upepo haujaanza na vumbi la barabarani halijaamka. Kama mvua imetoka kunyesha, ahirisha. Kioo chenye unyevu hakishiki rangi.

Kioo cha kabati la chipsi kina mafuta hata kama huyaoni. Osha kwa maji na sabuni, suuza, kausha, halafu futa kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi. Ukishafuta usiguse tena sehemu ya kuandika. Alama ya kidole ni mafuta, na hapo ndipo rangi itakapoanza kubanduka.

Sasa kuziba. Nunua karatasi ya stika yenye gundi nyuma, ibandike yote kwenye kioo, chora herufi juu yake, kisha kata kwa wembe mpya na rula ya chuma. Wembe wa jana unachana stika badala ya kukata. Unaondoa herufi, unaacha pembeni. Kuwa makini na A, O, P, R na B: zina kisiwa katikati, na kisiwa hicho kinabaki kwenye kioo. Ukikitoa, O inakuwa duara la rangi tupu. Ukimaliza, kandamiza kingo zote kwa kadi ngumu ya plastiki, kona kwa kona. Usiharakishe hapa, ndevu zote zinapita kwenye ukingo ulioinuka. Fremu na kioo kilichobaki funika kwa magazeti na tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi wa magari. Vumbi la rangi linaruka mbali kuliko unavyodhani.

Tikisa kopo dakika moja au mbili baada ya kusikia kigololi kinagonga. Shika umbali wa sentimita 20 hadi 30. Anza kupuliza nje ya herufi, pita, malizia nje ya herufi. Mkono wa kwanza uwe mwepesi mpaka uone kama umekosea, kioo bado kinaonekana. Subiri kama dakika 10, piga wa pili, kisha wa tatu. Anayetaka kumaliza kwa mkono mmoja ndiye anayepata michirizi.

Stika usiache mpaka kesho. Ingoje rangi iache kunata kidoleni (jaribu kwenye gazeti, sio kwenye herufi), halafu ivute taratibu ukiikunja kuelekea ilikotoka. Rangi ikishakuwa ngumu inang'oka na stika. Ikikutokea hivyo, pitisha wembe kwenye ukingo kwanza.

Kuna swali la nje au ndani. Mlango wa saluni puliza kwa ndani, maana vumbi na kitambaa cha kila siku vinakuwa upande wa pili. Ila hapo maneno yanakaa kinyume, kwa hiyo kabla ya kupuliza toka nje, simama alipo mteja, usome. Kabati la chipsi puliza nje, kioo cha juu. Ndani kuna mvuke, mafuta na chakula cha watu, rangi haina kazi huko.

Rangi gani? Mchana nyeupe inaonekana vizuri. Usiku taa ikiwaka ndani, rangi yoyote nzito inaonekana nyeusi kwa mtu wa nje, na bado inasomeka kwa sababu kioo kinang'aa nyuma yake. Usitoe hela zaidi kwa rangi ya dhahabu.

Namba ya kulipia mimi sishauri kuipuliza. Ukibadilisha mtandao utakwangua kioo, na kisiwa cha 8 kikitoka vibaya mteja anasoma 0, hela inaelekea kwa mtu mwingine. Namba iache kwenye kadi.

Chakula kirudi ndani harufu ya rangi ikiisha kabisa, hata kama ni siku mbili. Wiki ya kwanza usisugue herufi, na baadaye tumia kitambaa laini na sabuni, thina isikaribie. Rangi iliyoruka pembeni inatoka kwa wembe uliolazwa, kioo kikiwa na maji ya sabuni. Na kopo lililobaki ligeuze kichwa chini, puliza mpaka itoke gesi tupu, ndipo mdomo wake hautaziba na utapata ya kupaka viti.