Fahamu: Bastola kiunoni katikati ya Kariakoo

Wapo wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, wanaobeba bastola kwa sababu ya fedha taslimu. Sheria ya Tanzania ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inamtaka mmiliki awe na leseni. Lakini karatasi ya leseni haimlindi mpita njia.

Mtaa wa Kongo, hapo Kariakoo, saa sita mchana, mabega yanagusana na wapagazi wanapenya na mizigo. Hapo bastola iliyochomekwa tu kwenye suruali huchomoka, au huchomolewa. Iwekwe kwenye kifuko kigumu kinachoibana na kufunika kifyatulio chote, kilichoshikizwa kwenye mkanda imara, chini ya shati. Mfuko wenye funguo na sarafu ni hatari kubwa: kitu kikikigusa kifyatulio, risasi inaweza kutoka.

Chagua mahali pamoja, usibadilishe. Leo kiunoni, kesho kwenye begi, keshokutwa chini ya kiti cha gari. Ndivyo silaha inavyosahaulika chooni au kuokotwa na mtoto. Nyumbani, ifungie kwenye kasiki. Ikipotea, nenda polisi siku hiyo hiyo.